Damu Yangu Iliyopanda Ndege

Mimi nilishakufa mwaka ule wa kuhamia vijijini. Sisemi hivyo kwa kutafuta maneno mazuri. Ndugu zangu walikuwa wameshaniondoa kwenye hesabu, mke wangu alikuwa ameshanilia, kiwanja changu hakikupimwa, na ng'ombe zangu walikuwa wanachungwa na mtu mwingine kama wa kwake. Kilichobaki ni mimi mwenyewe kukubali, na mimi nilikuwa sijaambiwa.

Kuandika nilijifunza ukubwani, kwenye madarasa ya watu wazima, ndani ya ghala la pamba, mwalimu wetu akiwa binti mdogo kuliko binti yangu wa kwanza. Alikuwa akituambia tusiandike kama tunavyoongea. Nilimwambia sina namna nyingine. Kwa hiyo anayesoma avumilie. Nikitoka njiani nitarudi, huwa narudi.

Na kabla ya ugonjwa niseme kwanza habari ya nyayo.

Kwetu Nyansurura ng'ombe wakiibwa inapigwa yowe, wanaume wanatoka na mikuki, wanafuata nyayo. Hakuna anayefuata mwizi, maana mwizi hana sura. Wanafuata kwato. Pale nyayo zinapoishia, wenye boma hilo ndio wanajibu. Hawaulizwi kama wameiba. Wanaonyeshwa nyayo zilivyoingia, basi, na wao waonyeshe zilivyotoka. Wakishindwa kuonyesha, wanatoa ng'ombe zao wenyewe. Baba yangu alilipa hivyo nikiwa mdogo. Nyayo ziliishia kwenye mteremko wetu, ambako ng'ombe wa watu walikuwa wanakuja kulamba magadi kisha wanaondoka wakipita juu ya miamba, na kwenye mwamba kwato haziandiki kitu. Alieleza mpaka sauti ikamkauka. Akalipa. Ng'ombe walioibwa walikuja kuonekana baadaye kwa watu wa mbali kabisa, lakini waliolipwa hawakurudishwa, kwa sababu walikuwa wameshazaa huko. Baba alikufa hajamsamehe mtu, na mimi niliona anazidisha. Sasa sioni hivyo.

Turudi. Ugonjwa ulianza na damu kwenye choo. Ni jambo la aibu kulisema, lakini mimi ni mzee, aibu nimeitua. Nilikuwa nakwenda mbali kwenye vichaka ili nisionekane nakaa muda mrefu. Nilidhani ni minyoo. Nikanywa mizizi ya kila aina, mingine michungu mpaka meno yanakaza. Suruali ikaanza kunipwaya, nikatoboa mkanda tundu jipya, halafu lingine. Mke wangu ndiye aliyeona, mtoni, anafua.

"Baba watoto, hii damu ni ya nini?"

"Ya mbuzi."

"Umechinja lini?"

"Kwa jirani."

"Ukachinja umekalia?"

Mke wangu alikuwa mwanamke wa namna hiyo, hasemi sana, akisema anakufungia njia pande zote. Kesho yake alimwambia kaka yangu, na kaka yangu akanitafutia nafasi kwenye lori la pamba lililokuwa linateremka mpaka mjini ziwani, kwenye hospitali kubwa. Kaka yangu huyu nitamsema vibaya mbele huko, kwa hiyo niseme na hili: alinipeleka mwenyewe, tumekalia marobota ya pamba njia nzima, na kila lori liliporuka shimo alinishika begani nisitikisike tumbo. Sisi tulizaliwa tumbo moja, tumenyonya ziwa moja. Lingekuwa jambo jepesi kama angekuwa mtu mbaya.

Daktari aliyenipasua alikuwa Mzungu mrefu, mwembamba, anatembea ameinama kama anayeogopa milango. Kiswahili alijifunza kwenye vitabu, kila neno limenyooka kama shuka la wodini. Aliniambia kuna uvimbe kwenye utumbo mpana, ni saratani, atakata kipande chenye uvimbe aunge ncha mbili zilizobaki. Nilimuuliza kama ni vile fundi anavyounga mpira wa baiskeli. Akasema ndiyo, ila baiskeli haili. Nilimpenda kwa jibu hilo.

Kabla ya kunipasua walinitoa damu. Nilidhani ni ile ya kutafuta malaria, lakini daktari aliniambia hii ina safari. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda changu akanieleza, na nitamsifu daima kwa kunieleza, maana baada yake hakuna aliyenieleza kitu.

"Uvimbe wa namna hii hutema kitu ndani ya damu," alisema. "Hakionekani kwa macho. Katika nchi yangu yupo mwalimu wangu anayekipima kwa mashine. Tutapima kabla ya kukata na baada ya kukata. Tukiwa tumekata uvimbe wote, kitu hicho hupungua hadi kuwa kidogo sana. Kikibaki juu, inaelekea ugonjwa umebaki mahali, au unarudi."

"Kama nyayo," nikasema.

"Kama nini?"

Nikamweleza habari ya nyayo. Alifurahi sana, akaita mwenzake aje asikie.

"Ndiyo," akasema. "Ni kama nyayo."

"Na nyayo zikiwepo na ng'ombe hayupo?"

"Hutokea," akasema. "Si mara nyingi, lakini hutokea."

Basi damu yangu ikafungwa kwenye barafu, ikapelekwa uwanja wa ndege. Mimi mpaka leo sijapanda ndege. Damu yangu imepanda, imekwenda Ulaya ikarudi habari yake. Wakati mwingine nakaa nafikiria ikipita juu ya kwetu huko, inatuona tunahangaika na majembe.

Nilipona kidonda. Nikarudishwa nyumbani na masharti: nisinywe pombe, nisile nyama ngumu, nisibebe kitu kizito, na baada ya mavuno ya ulezi nirudi nitolewe damu ya pili. Sasa fikiria mwanamume wa kwetu asiyekunywa pombe na wenzake, asiyetafuna nyama, asiyebeba kitu. Anafanya nini mchana kutwa? Anavuta tumbaku. Kiko ndicho kitu pekee ambacho daktari hakukitaja, na mimi sikukitaja pia, maana mtu haulizi juu ya kitu kilichobaki kimoja. Zamani nilikuwa navuta jioni kama watu wote. Sasa nikawa navuta nikiamka, navuta nikiota jua, navuta nikiangalia wenzangu wanakwenda kulima. Kaka yangu aliniletea tumbaku nzuri ya upande wa Kenya, nyeusi, imesokotwa kama mkia. Aliniambia, "Vuta mura," ndivyo tunavyoitana wanaume kwetu, "upate nguvu." Aliniletea kila alipokwenda mnada wa Sirari.

Mavuno yakapita, nikaenda nikatolewa damu ya pili, nikarudi. Majibu yalichukua muda kufika, mvua zikaanza. Kaka yangu ndiye aliyekwenda kuyachukua, kwa kuwa alikuwa na safari ya mambo ya kijiji huko huko. Yeye alikuwa balozi wa nyumba kumi. Na hospitali, kwa desturi yao na yetu, habari nzito hawampi mgonjwa. Wanampa mkubwa wake. Wanamwita pembeni, wanashusha sauti, na mkubwa anarudi nayo nyumbani anajua yeye la kufanya. Hakuna aliyeona kosa hapo. Hata mimi, kaka angekuwa ndiye mgonjwa, wangeniambia mimi.

Alirudi na kilo ya sukari, kitenge cha mke wangu, na tumbaku. Nikamuuliza majibu.

"Mazuri," akasema. "Wanasema upumzike."

Nilijua kuna jambo kutokana na wema. Mke wa kaka, ambaye tulikuwa hatusalimiani vizuri tangu ugomvi wa shamba la mihogo, aliniletea maziwa ya mgando kwa mikono miwili. Watoto wa boma wakakatazwa kupiga kelele karibu nami. Watu waliokuwa na neno na mimi wakaja kulimaliza. Nilikuwa nikitania, wanacheka kabla sijafika kwenye kichekesho. Mke wangu akaanza kuchelewa mtoni, na akirudi macho yamevimba, anasema moshi. Mtoni hakuna moshi.

Kisha akaitwa msoma matumbo. Huyu alikuwa mzee wa ukoo wa jirani, kazi yake ni kuangalia utumbo wa mbuzi aliyechinjwa na kusema mambo ya nyumba yatakuwaje. Watu wetu wengi walikuwa wameshabatizwa, lakini mbuzi hakubatizwa, kwa hiyo aliendelea kusomwa. Ilikuwa desturi nzuri tu. Utumbo unatandazwa juu ya majani mabichi, mzee anapita nao kwa vidole pole pole, anaangalia mishipa, vidonda vidogo, mahali palipojaa na palipo patupu. Mimi nilikaa kwenye kigoda naangalia mtu anashika utumbo wa mbuzi ili ajue habari za utumbo wangu. Nikafikiri, huyu na yule Mzungu ni kazi moja, ila huyu anakula mbuzi baadaye.

Alisoma muda mrefu. Akafika mahali akasimamisha kidole, akamwangalia kaka yangu. Kaka yangu akaangalia chini.

"Njia inakuwa nyembamba," akasema mzee.

"Nyembamba wapi, tata?" nikamuuliza, maana kwetu mzee huitwa tata, baba.

"Hapa mbele kidogo."

Na yule mzee, kabla ya kuja kwangu, alikuwa ameshinda kwa kaka yangu, amekula huko, ameambiwa habari zote za hospitali. Hilo nililijua baadaye. Kwa hiyo mbuzi naye alikuwa ameshapata majibu kutoka Ulaya. Ninavyomjua yule daktari, alisema "inaelekea". Ndivyo alivyokuwa akisema siku zote, inaelekea, hutokea, si mara nyingi. Lakini kwenye lori la kurudi "inaelekea" ilidondoka mahali fulani njiani, na mbuzi alipoongeza yake hakikubaki kitu cha kuuliza. Ikawa: huyu hamalizi msimu.

Hapo ndipo ikaingia amri ya kuhama. Kwetu mwaka ule kila mtu alijua neno operesheni, mimi nikilijua mara mbili. Tulitakiwa tutoke kwenye maboma yetu ya mlimani tushuke chini barabarani, tujipange kwa mistari, kiwanja kwa kiwanja, tupate shule na zahanati na bomba. Sikatai, shule ilikuja. Bomba lilikuja likakauka. Lakini ninachosema ni hiki: kijiji kile kipya kilikuwa hakina kaburi hata moja. Na wazee walikuwa na hofu ya nani atakifungua. Mahali papya panapofunguliwa kwa maiti, walisema, patakula watu mfululizo. Mtu wa kwanza kuingia awe mwanamke mwenye mimba, au ng'ombe mwenye maziwa. Si mtu wa kubebwa.

Kwa hiyo wakaamua. Wengine wote wahame. Mimi nibaki juu, kwenye boma la baba, nifie pale, nizikwe kando ya baba kwa heshima, halafu mambo yaendelee.

Kwangu walisema hivi: "Wewe bado dhaifu, mura. Jua la huko chini kali. Tutajenga nyumba yako kwanza, tutakufuata."

Niliwaona wakibomoa. Walitoa nguzo, milango, mawe ya kusagia. Ng'ombe zangu wakatolewa zizini pamoja na wa kaka, kundi moja, na binti yangu mdogo akawa analia anataka kubaki. Mke wangu alinifunika blanketi ijapokuwa palikuwa na joto. Alinishika mguu, juu ya blanketi, akaushikilia. Nikamwambia, "Mama watoto, si unakwenda hapo chini tu?" Alichukua mtungi wake akaenda. Kaka alimwambia akibaki hatapata nafasi bomani kwake huko chini, na watoto watalala nje. Hilo lilikuwa kweli.

Aliyekataa kuondoka ni mama yangu. Alisema mume wake yuko pale chini ya mawe na yeye ana nafasi yake upande wa kushoto, hana shida na bomba. Wakamwacha. Nadhani waliona ni vizuri, nisife peke yangu.

Mgambo walikuja kuchoma nyumba zilizobaki, maana amri ilikuwa asibaki mtu. Walikuwa vijana wawili na mkubwa wao. Mkubwa alisimama mlangoni na kiberiti mkononi.

"Huyu ndiye?" akamuuliza mama.

"Ndiye."

"Balozi alituambia." Akaniangalia, nimejilaza navuta kiko changu. "Shikamoo mzee."

"Marahaba."

Akamgeukia mama tena. "Itachukua muda?"

Mama akamwambia, "Kaa umsubiri kama una nafasi."

Walichoma nyumba nyingine zote, ya kwangu wakaiacha. Jioni ile mlima mzima ulikuwa unanuka nyasi za paa zilizoungua, na mimi nilikuwa nimeshaelewa, lakini nilitaka nisikie kwa mdomo wa mtu. Mama alikuwa anachambua ulezi kwenye ungo.

"Mama, niambie."

Hakuacha kuchambua. "Wanasema damu yako imekataa. Ile ya ndege. Kile kitu hakikushuka. Na mbuzi amesema hivyo hivyo."

"Tangu lini mnajua?"

"Tangu sukari."

Nilikuwa nimeshaimaliza ile sukari.

Basi nikaanza kungoja. Watu wanadhani kungoja kufa ni kazi nzito. Kwanza ni nzito, halafu inachosha tu. Siku za mwanzo nilijisikiliza tumbo kama mtu anayesikiliza mwizi dirishani. Kila chango nilisema ndiyo hiyo. Usingizi sikuwa nao. Nilimchukia kaka, nikamchukia yule Mzungu, nikamchukia mbuzi. Nilimchukia sana mke wangu kwa lile blanketi. Halafu njaa ikaniuma. Hiyo ndiyo ilianza kunishangaza, maana kabla ya kupasuliwa nilikuwa nimesahau njaa ilivyo. Mama alipika ugali wa kutosha wawili, nikala wa wote wawili, akapika mwingine.

Mvua zilikuwa zinanyesha vizuri mwaka ule. Nikasema, kama nitakuwepo siku mbili tatu, ngoja nifukie viazi kidogo mama asije akafa njaa nikishaondoka. Majembe yote yalikuwa yamekwenda kijijini. Nikazunguka kutafuta hata kipande, nikainama chini ya ghala la ulezi, lile lililoachwa. Pale chini, yameviringishwa kwenye gunia yasipate kutu, nikakuta jembe la kaka yangu na sepeto lake.

Nilikaa chini. Sepeto kwetu halilimi shamba. Kwetu sepeto kazi yake ni kuchota udongo kutoka shimo refu. Waliona ni mbali kubeba zana kupanda nazo mlima siku ikifika. Wakaziacha karibu, zimefungwa vizuri, na mpini wa jembe ulikuwa mpya.

Sijui nilikaa hapo muda gani. Mama alikuja akaziona. Akasema, "Angalau ameacha na jembe," akarudi jikoni.

Nililima kwa jembe lile. Nililima hatua chache napumzika, kidonda kinavuta, nasema sasa kitapasuka, hakikupasuka. Nikafukia viazi vitamu. Kisha nikapanda mahindi. Kisha maharage kati ya mahindi. Mifereji ya maji nikaichimba kwa sepeto, na ni zana nzuri sana kwa mifereji. Kila asubuhi niliamka nimekasirika kwamba nimeamka, kwa maana nilikuwa nimeshajipanga, halafu naenda kuangalia kama mahindi yameota. Suruali ikaanza kunikaa. Nikarudi tundu la mkanda, halafu lingine. Tumbaku iliisha, na kaka hakuleta nyingine, kwa sababu hakuna aliyepanda kuja kuniona. Hawakuwa na ukatili. Walikuwa wanaogopa kunikuta maiti. Waliangalia moshi kutoka chini. Nilikuja kuambiwa kwamba kila asubuhi mtu fulani alikuwa anatumwa aangalie mlimani kama moshi wa mama unatoka wa kupikia au hautoki, maana penye msiba hapapikwi.

Mahindi yalipokomaa, nilioga, nikavaa shati langu la sikukuu, nikaweka jembe na sepeto begani, nikamwacha mama na mawe yake, nikashuka.

Walioniona kwanza ni wanawake kisimani. Hawakukimbia, hawakupiga kelele. Waliacha kuongea, basi, mmoja mmoja, kama mvua inavyokatika. Nikawasalimia, wakaitikia chini chini. Nikapita katikati ya mistari ya nyumba mpya, zote zinafanana, nikauliza kwa balozi ni wapi.

Kaka yangu alikuwa anatengeneza zizi. Aliniangalia miguuni kwanza, kama inagusa ardhi.

"Mura," nikamwambia, "nimekurudishia zana zako."

Akapokea jembe. Akalipitisha kidole kwenye makali. Lilikuwa limelika, na udongo umegandia shingoni.

"Ulizikuta wapi?"

"Ulipoziacha."

"Nilizisahau."

"Mtu hasahau jembe msimu wa kulima."

Nyuma yake niliona ng'ombe wangu mwekundu mwenye pembe iliyopinda, amezaa, ndama sijapata kumwona.

"Kiwanja changu kiko wapi?" nikamuuliza.

"Hukupimiwa."

"Kwa nini?"

"Unajua kwa nini."

"Nataka uniambie wewe. Wameniambia wote, hata mgambo kaniambia. Wewe ndiye hujaniambia."

Kaka yangu alikuwa mtu mzima mwenye wajukuu. Alikaa chini kwenye nguzo aliyokuwa anaichonga akasema, "Walisema kitu hakikushuka. Mimi ningefanya nini? Wao wamesoma." Halafu akasema neno ambalo nimelibeba mpaka leo. "Na wewe, kwa nini hukuleta habari kwamba u mzima?"

Nilipewa kiwanja mwishoni mwa mstari, karibu na korongo, pale ambapo maji ya kijiji kizima yanapita. Ng'ombe wengine walirudi, wengine walikuwa wameshatolewa mahari ya mtoto wa kaka, na mahari hairudishwi kwa sababu baba mdogo fulani amekataa kufa. Walikuwa wameshazaa huko. Nilimkumbuka baba.

Lakini hayo ya ng'ombe niliyameza. Lililonishinda kumeza ni la mke wangu. Alirudi nyumbani kwangu, alipika, alilima, hakunikosea neno. Ila alikuwa ameshamaliza. Yale machozi ya mtoni yalikuwa yangu yote, ameyatoa mpaka ya mwisho, amejifuta, ameanza kuwa mjane ndani ya moyo wake, na ameshazoea. Kisha mume anashuka mlimani na sepeto. Alikuwa ananipa chakula kama anavyopewa mgeni wa heshima. Usiku mmoja nilimuuliza kama hakufurahi niliporudi.

"Nilifurahi," akasema. "Lakini nilikuwa nimechoka."

Tuliishi hivyo miaka mingi. Tukazaa na mtoto mwingine hivyo hivyo.

Baadaye sana, nilipopelekwa zahanati ya Nyamisangura kwa ajili ya macho, kulikuwa na daktari kijana, mtoto wa kwetu kabisa, nikamsimulia habari ya damu yangu. Alisikiliza vizuri. Akaniuliza kitu ambacho hakuna aliyewahi kuniuliza.

"Mzee, wakati ule ulikuwa unavuta?"

Nikamwambia nilichokuwa navuta na jinsi nilivyokuwa navuta. Akatikisa kichwa. Akasema tumbaku nayo huweza kukipandisha kile kitu, peke yake, bila saratani. Akasema hawezi kujua, huenda ni hiyo, huenda ni jambo jingine, kipimo kile hakisemi nani afe nani apone, kinasema tu angalia hapa vizuri. Nilitoka nje nikakaa kwenye benchi. Tumbaku nzuri ya upande wa Kenya, imesokotwa kama mkia, imeletwa kwa upendo. Nyayo zilikuwepo kweli, na ziliishia kwangu kweli. Ng'ombe walikuwa wengine. Kaka alikuwa ameshafariki wakati huo, na ninafikiri ningemwambia, au labda nisingemwambia. Sijui.

Mke wangu aliugua miaka ya juzi, si utumbo, ni titi. Walipomaliza vipimo vyao daktari alitoka, akanifuata kwenye ukumbi, akanishika mkono akanivuta pembeni, akashusha sauti.

"Mzee, kuhusu mama..."

Nikamwambia, "Mwanangu, mwenye mwili yuko humo ndani. Ana masikio."

Akasema si desturi. Nikamwambia naijua desturi. Nikaingia naye, nikamwambia akae ukingoni mwa kitanda aseme yote, na lile neno "inaelekea" aliseme vizuri, asilimeze. Akasema. Mke wangu alisikiliza mpaka mwisho, akamshukuru. Daktari alipotoka akaniangalia kwa muda.

"Utaanza lini kulia?" akaniuliza.

"Ukishakufa."

"Usianze kabla."

"Sianzi."

Na sikuanza. Nilikaa naye pale nikabishana naye juu ya shamba, juu ya mtoto wetu mlevi, juu ya chumvi kwenye uji, siku zote alizokuwa nazo, na alikuwa nazo nyingi kuliko walivyosema.